Ununue Gemu Gani Sasa? Mwongozo kwa Wachezaji wa Unguja na Pemba

Gemu inayofaa kununuliwa ni ile utakayoicheza mwezi huu huu, pamoja na watu unaoishi nao, kwa saa ulizonazo na bando unalolimudu. Sifa zake mtandaoni zinakuja baada ya hapo. Nalisisitiza hili kwa sababu nawaona vijana wengi wakijinyima, wakenda Darajani au Mlandege, wakarudi na CD inayosifiwa dunia nzima, kisha CD ikakaa kwenye kasha lake mpaka Idd ikapita na nyengine ikaja. Gemu yenyewe huwa nzuri. Tatizo ni kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya maisha ya mtu mwengine.

Nimeandika zaidi kwa wenye mashine za PlayStation, yaani PS4 na PS5, maana ndizo zilizojaa majumbani na kwenye vibanda vya gemu. Mwenye kompyuta ana sehemu yake fupi karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Tandaza ulichonacho

Kabla ya kutia mkono mfukoni, toa CD zako zote uziweke mkekani, kisha washa mashine uangalie na zile ulizopakua. Gawa mafungu matatu: ulizozimaliza, ulizoziacha njiani, na ambazo hujazigusa kabisa.

Fungu la katikati ndilo lenye habari. Chukua kila gemu uliyoiacha na ujiulize ulisimama kwa nini. Ilikuwa ngumu? Stori ilipoa? Au ulikaa wiki tatu bila kucheza, ukarudi hukumbuki hata kitufe cha kurukia? Ukikuta gemu tatu ulizoziacha zote ni za ulimwengu mpana, zenye ramani kubwa na alama mia za kukimbilia, basi usinunue ya nne ya aina hiyo hata ikiwa imeshuka bei. Ukikuta ulizozimaliza zote ni fupi na zenye kwenda moja kwa moja, hapo umeshapata nusu ya jibu.

Gemu uliyoiacha zamani ina njia mbili tu. Ianze upya kutoka mwanzo, au iuze wakati bado ina bei.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako

Usihesabu saa unazotamani kuzipata. Hesabu ulizonazo ukishatoa kazi au skuli, chuo cha jioni, sala, mpira wa uwanjani na kutumwa dukani. Wengi wetu tukikaa kweli na kalamu tunakuta saa tano au sita kwa wiki, na nyingi ziko usiku wa Ijumaa na Jumamosi.

Kisha tafuta urefu wa gemu unayoitaka. Kuna tovuti inaitwa HowLongToBeat, ambapo wachezaji wenyewe huandika waliimaliza kwa saa ngapi. Spider-Man: Miles Morales ni kama saa nane kwa stori yake kuu. God of War ya 2018 ni kama saa ishirini. The Witcher 3 ni kama hamsini, hapo hujagusa kazi za pembeni ambazo ndizo utamu wake. Persona 5 Royal ni kama mia. Gawa kwa saa zako: mtu wa saa tano kwa wiki ataimaliza Miles Morales kwa wiki mbili, The Witcher 3 kwa wiki kumi, na Persona kwa miezi mitano. Miezi mitano kwa gemu moja si kosa, mradi umeikubali kabla ya kulipa.

Kalenda nayo ina neno lake. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayefanya mtihani Novemba hana haja ya kununua gemu ndefu mwezi wa Agosti. Ramadhani usiku ni mrefu, kati ya tarawehe na daku watu wako macho, lakini nyumba imejaa na kila mtu anataka zamu. Ni mwezi wa mpira na ngumi, si mwezi wa kuanza stori ya saa hamsini ambayo Idd itaikata katikati. Pemba msimu wa karafuu ukiingia, mtu anayeshinda shamba akichuma na jioni akichambua hatakuwa na macho ya kusoma mazungumzo marefu kwenye kioo. Gemu ya nusu saa nusu saa itamfaa zaidi.

Ushauri wangu hapa ni mmoja: gemu ndefu iwe moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwa nayo, ya pili iwe ya namna nyengine kabisa, unayoweza kuishika kwa dakika ishirini ukaiweka chini.

Hatua ya 3: Nani atakaa nawe?

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Mchezo kwetu haujawahi kuwa wa mtu mmoja chumbani. Keram, dhumna, bao, karata: wawili au wanne wanacheza, kumi wanatazama, na anayefungwa anampisha mwenziwe. PS ilipoingia majumbani ilikaa kwenye desturi hiyo hiyo. Kwa hivyo nyumba yenye ndugu wanne na pedi mbili inahitaji gemu tofauti na ile ya kijana anayeishi peke yake chumba cha kupanga Mwanakwerekwe.

Ukiwa na watu, anza na gemu inayochezwa wawili kwenye tivii moja. Mpira wa EA Sports FC, ambao mpaka FIFA 23 ulikuwa ukiitwa FIFA, unabaki mfalme wa sebule zetu. Tekken, gemu ya ngumi, inamkubali asiyejua kitu: anabonyeza ovyo, anashinda raundi moja, na kesho anarudi kujifunza. Overcooked inawapa hadi watu wanne jiko moja la kupika kwa haraka, na ni gemu nzuri kwa nyumba yenye wadogo na wakubwa, kwani hakuna anayempiga mwenziwe, wote mnahangaikia sahani. It Takes Two, iliyotoka 2021, haichezwi na mtu mmoja hata ukitaka. Lazima muwe wawili tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa mtu na ndugu yake, au mke na mume wanaopenda gemu, sijaona ya kuishinda.

Sasa geuza kasha uangalie nyuma. Kuna alama ndogo zinazoonyesha idadi ya wachezaji. Ile inayosema 1–2 bila neno la mtandao ndiyo idadi ya watu wanaoweza kukaa hapo sebuleni. Namba kubwa iliyoandikwa pamoja na neno la mtandao ni ya watu waliotawanyika duniani, kila mmoja na mashine yake. Watu wanaona 2–22 wakadhani wamepata gemu ya mtaa mzima, wakifika nyumbani pedi ya pili haina kazi. Isitoshe, kwenye PS4 na PS5 gemu nyingi za kulipia zikichezwa mtandaoni zinataka PS Plus, ambayo nayo ni malipo mengine. Za bure kama Fortnite haziitaki.

Gemu ya mtu mmoja pia ina nafasi yake mbele ya watu, ikiwa ina stori ya kutazamika. Uncharted 4 na God of War huchezwa kwa kupokezana: ukifa, toa pedi. Wanaotazama wanafuata kama tamthilia.

Kuna jambo la umri. Makasha yanayotoka Uingereza na nchi nyingi za Ulaya yana alama ya PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Namba hiyo haielezi ugumu wa gemu, inaeleza yaliyomo ndani: damu, matusi, kamari, uchi. FC 25 ina 3, Tekken 8 ina 16, GTA V na Mortal Kombat 11 zina 18. Katika nyumba zetu tivii iko sebuleni, bibi amekaa na kikombe chake cha chai, watoto wametoka chuo. Kabla ya kununua ya 18 jiulize itachezwa wapi na saa ngapi. Kama jibu hulioni, nunua nyengine.

Hatua ya 4: Umeme na bando

Wakubwa wetu wa Unguja wanakumbuka mwaka 2008, kisha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika kisiwa kikakaa gizani wiki kwa wiki. Pemba ilikuwa ya majenereta mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010. Siku hizi si hivyo, lakini PS haihitaji giza la miezi mitatu ili ikutie hasara. Sekunde moja inatosha.

Ndiyo maana nauliza mapema: gemu inahifadhi vipi? Kuna zinazohifadhi zenyewe kila baada ya hatua chache, na umeme ukikatika unapoteza dakika tatu. Kuna zinazokutaka ufike mahali maalumu. Hollow Knight, kwa mfano, hukurudisha kwenye benchi la mwisho ulilokaa; kama umeme wa mtaani kwenu hucheza kila jioni, jifunze kukaa kwenye mabenchi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la hifadhi linaweza kuharibika. Mashine ikiwashwa tena itakwambia haikuzimwa ipasavyo, kisha itaanza kukagua diski yake polepole, iache imalize. Weka gadi ya umeme kati ya ukuta na mashine, na usiku izime kabisa badala ya kuiacha imelala na taa ya rangi ya machungwa.

Uliza pia kama gemu inasimama. Mechi ya mtandaoni haisimami. Adhana ikiadhiniwa, mama akikuita, mgeni akibisha hodi, wewe uko katikati na wenzako wanakutegemea. Gemu ya stori unabonyeza kitufe unaondoka, ukirudi mtu wako amesimama pale pale. Kijana anayeishi na wazee wake, nunua inayosimama. Utapunguza ugomvi nyumbani.

Tukija kwenye bando, usidhani ukinunua CD umeepukana na kupakua. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilipotoka kwa PS5, CD yake ilikuwa na chini ya MB 100 tu, gemu yenyewe yote ilibidi ishushwe kwa mtandao. Upande wa pili iko Red Dead Redemption 2, ambayo ukubwa wake unapita GB 100, lakini kwa PS4 ilikuja na CD mbili: moja ya kusakinisha, moja ya kuchezea. Mtu wa Micheweni mwenye bando la simu anaweza kuicheza stori yake yote bila shida. Hizo gemu mbili dukani zinakaa rafu moja na kasha lake halikwambii tofauti kwa sauti kubwa. Soma maandishi madogo: yakitaja kwamba intaneti inahitajika, yaamini.

Tena kuna gemu ambazo huzidhanii. Gran Turismo 7 ni gemu ya gari, unaendesha peke yako, lakini sehemu yake kubwa inataka mtandao muda wote. Machi 2022 seva zake zilikaa chini kwa zaidi ya siku moja na walioilipia pesa nzima wakabaki kutazama. eFootball, gemu ya mpira iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure lakini nayo ni ya mtandao zaidi. Kwa asiye na intaneti ya nyumbani, vitu vya bure vya namna hii humaliza pesa ya bando kidogo kidogo mpaka zikatosha kununua CD mbili.

Pima na nafasi. PS4 ya GB 500 ikiwa na gemu nne kubwa imejaa. PS5 ya mwanzo, iliyoandikwa GB 825, inakuachia kama GB 667 za kutumia. Kufuta gemu ya CD si tabu, utaisakinisha tena. Kufuta uliyoipakua ni kulilipa bando lile lile mara ya pili.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla hujainunua

Kibanda cha gemu mtaani kwenu ni zaidi ya mahali pa kupoteza wakati. Kwa bei ya mechi chache unashika pedi na kujua mkono wako unaipenda gemu au la. Ukimwona mwenye kibanda hana watu, asubuhi hivi, mwombe akuwekee ile unayoifikiria, umlipe muda wake. Nusu saa ya kucheza inakufundisha zaidi ya matangazo yote.

Isipopatikana kibandani, tazama video ya mtu anayecheza, si tangazo. Punguza ubora mpaka 240p, inatosha na haili bando. Ruka mwanzo, nenda katikati ya gemu, baada ya saa kumi za kucheza kwa mfano, utazame dakika kumi na tano. Mwanzo wa gemu nyingi umepambwa ili ununue. Katikati ndiko utakakoishi. Baada ya hapo soma malalamiko. Anayesema "mbaya kabisa" mpite. Anayesema "mapigano ni mazuri ila baada ya saa ishirini unarudia kazi zile zile" msikilize.

Jiulize pia kama gemu ni sehemu ya pili ya jambo. God of War Ragnarök bila ile ya 2018 utakuwa unasikiliza ugomvi wa familia usiyoijua. The Last of Us Part II ni hivyo hivyo, inaanzia pale ya kwanza ilipoacha jeraha. Lakini The Witcher 3 inachezeka bila mbili zilizotangulia, Final Fantasy nyingi zenye namba kila moja ina watu wake, na Red Dead Redemption 2 stori yake inatokea kabla ya ile ya kwanza, hivyo unaweza kuanza nayo.

Na usinunue siku ya kutoka. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, kwenye PS4 ikawa imeharibika kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa dukani kwao wiki hiyo hiyo ya pili na hawakuirudisha mpaka Juni 2021. Leo, kwenye PS5, ni gemu nzuri mno. Waliosubiri walilipa kidogo wakapata kilicho bora.

Hatua ya 6: Bei na wakati wake

Mpira una kalenda yake. FC mpya hutoka kila Septemba, na ile ya mwaka uliopita huanguka bei hapo hapo. Ukiwa unacheza na nduguzo sebuleni, ya mwaka jana inakutosha: uwanja ni ule ule, pasi ni zile zile, kilichobadilika zaidi ni nani yuko timu gani. Mpya ina maana kwa anayecheza Ultimate Team mtandaoni, sehemu ya kujijengea timu yako mwenyewe, ambako watu huhamia toleo jipya.

Gemu za stori haziozi. Subiri toleo kamili. The Witcher 3 ilitoka 2015, na 2016 likaja toleo lenye nyongeza zake mbili ndani. Horizon Zero Dawn nayo ilipata lake mwaka huo huo iliotoka, 2017. Ukiona kasha la toleo kamili na la kawaida pamoja, tofauti ndogo ya bei inafaa kulipwa.

Kama una ami yako Maskat au dada yuko London anakuja likizo, mwagize CD, lakini mkumbushe mambo mawili. CD za PS4 na PS5 hucheza kwenye mashine ya nchi yoyote, ila nyongeza za kununua mtandaoni zinataka akaunti ya eneo lile lile la CD. Na kadi za kuweka pesa kwenye duka la PlayStation hukubali akaunti ya nchi ilikotolewa kadi tu. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na wauzaji wengi hawakuulizi.

Mwenye kompyuta

Kwanza soma mahitaji ya gemu, hasa RAM na kadi ya picha. Laptopu nyingi za wanafunzi hazina kadi ya picha ya peke yake, basi usishindane na gemu nzito. Stardew Valley, aliyoitengeneza Eric Barone peke yake na kuitoa 2016, haifiki GB moja na itakulisha miezi. Hollow Knight pia ni nyepesi. Tales of Kenzera: ZAU ya Abubakar Salim, iliyotoka Aprili 2024, inahitaji mashine yenye nguvu kidogo lakini ni fupi, na imejengwa juu ya hadithi za Kibantu, naipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote aliyelelewa na hadithi za bibi.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Tumia haki hiyo, ndiyo kibanda chako. Epic, duka jengine la namna hiyo, hutoa gemu ya bure kila wiki. Fungua akaunti uwe unazichukua hata kama hutazipakua leo. Punguzo kubwa za Steam huja katikati ya mwaka na mwishoni mwa Desemba.

Hatua ya 7: Ukiwa dukani

Kwanza ujue mashine yako. PS5 ya mwanzo isiyo na tundu la CD haitasoma CD hata ukimwomba fundi. PS5 nyembamba isiyo na tundu huongezewa kisoma CD kinachouzwa peke yake, nacho kinahitaji intaneti siku ya kukiunganisha. PS5 yenye tundu inasoma CD za PS4. PS4 haisomi za PS5 wala za PS3.

Kwa CD ya mkononi, iliyokwisha kutumika, itoe uishike kwa ukingo, uielekeze kwenye mwanga, uizungushe polepole. Mikwaruzo myembamba juu juu si kitu. Tazama kwa makini duara la katikati, pale inapobanwa: mstari mdogo wa ufa hapo utarefuka. Linganisha namba ya kwenye CD na ya kwenye kasha, CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, kwani makasha hubadilishwa. Kisha omba iwekwe kwenye mashine ya dukani na usubiri isakinishe mpaka mwisho, si asilimia kumi tu. CD mbovu mara nyingi hukwama katikati. Muuzaji akikosa subira, piga soga na mwenzako barazani mpaka iishe.

Kabla hujalipa, muulize anapokea CD za kubadilishana kwa kuongeza kiasi gani, na CD hiyo ukiirudisha baada ya miezi miwili ataihesabu kwa bei gani. Mwambie aandike kwenye risiti.